Je, teknolojia ya habari inaukuza utandawazi au inauua?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uchumi, mwaka wa mwisho. Darasani tunafundishwa kwamba intaneti imeifanya dunia kuwa kijiji. Lakini nikisikiliza habari, naambiwa utandawazi unakufa: roboti zinarudisha viwanda nchi tajiri, mataifa makubwa yanawekeana ushuru, biashara ya dunia imedumaa. Nimsadiki nani? Na je, teknolojia hii inazisaidia nchi maskini au inazididimiza? Nauliza kwa sababu nataka kuandika tasnifu yangu juu ya jambo hili.

Jibu: Ndugu yangu, walimu wako hawajakosea, na wasoma habari nao hawajakosea. Kila upande unatazama kitu chake, kisha wote wanakiita kwa jina moja.

Tuanze na takwimu. Mwaka 1970, ukijumlisha mauzo ya nje na manunuzi kutoka nje, biashara ya kimataifa ilikuwa sawa na kama robo ya pato la dunia. Kufikia 2008 ilikuwa imepanda hadi karibu asilimia 60. Tangu hapo inapanda na kushuka karibu na kiwango hicho. Haijaporomoka, ila ile kasi ya miaka ya 1990 imekwisha, na hicho ndicho wanachokiona wanaotangaza kifo. Sasa tazama huduma zinazouzwa nchi za nje kupitia mtandao: programu za kompyuta, uhasibu, usanifu, bima, ushauri wa kitaalamu. Kwa hesabu za Shirika la Biashara Duniani (WTO), mauzo hayo yaliongezeka karibu mara 4 kati ya 2005 na 2022, yakafika dola trilioni 3.82, ambazo ni zaidi ya nusu ya mauzo yote ya huduma duniani. Hapo hakuna kifo chochote.

Kwa hiyo ukiuliza kama utandawazi unakufa au unakua, hutafika mbali. Uliza hivi: teknolojia ya habari imeshusha gharama ya nini hasa, na inaposhuka ni nani anayebaki na faida?

Wengi hujibu haraka kwamba imeshusha gharama ya umbali. Sikubaliani nao. Umbali bado una bei yake: meli bado inachoma mafuta, mzigo bado unakaa wiki kadhaa baharini, na mtu bado anahitaji viza. Kilichoshuka ni gharama ya kuratibu, yaani kumpa kazi mtu aliye mbali, kuhakikisha ameifanya inavyotakiwa, na kumlipa. Mambo hayo mawili yanafanana kwa juujuu, lakini ukiyachanganya tasnifu yako yote itakwenda upande.

Fikiria kontena. Tarehe 26 Aprili 1956 meli ya mfanyabiashara wa usafirishaji Malcom McLean, iliyoitwa Ideal X, ilitoka Newark kwenda Houston, Marekani, ikiwa na makontena 58. Tangu siku hiyo usafirishaji wa mizigo ulianza kuwa rahisi kuliko ilivyowahi kuwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi baada ya hapo kiwanda kiliendelea kukaa chini ya paa moja. Mhandisi, msimamizi wa zamu, mkaguzi wa ubora na mnunuzi wa malighafi walipaswa kuonana kila siku. Kipimo kikikosewa kidogo na kosa hilo likasubiri barua ya wiki 3 ndipo lirekebishwe, vipuri vyote vilivyotengenezwa katika wiki hizo ni hasara. Kusafirisha kulikuwa rahisi, ila kuelewana kwa mbali kulikuwa bado ghali.

Kizuizi hicho kiliondolewa kidogokidogo, na vitu ambavyo havivutii macho. Mwaka 1973 benki 239 za nchi 15 zilianzisha SWIFT, mfumo wa kupelekeana ujumbe wa malipo. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka kubwa moja la mji wa Troy, jimbo la Ohio, bidhaa ya kwanza yenye msimbo wa mistari (barcode) ilisomwa na mashine, na kuanzia hapo muuzaji akaweza kujua papo hapo kilichouzwa na kinachotakiwa kuagizwa. Mwaka 1988 waya wa kwanza wa nyuzi za kioo kuvuka Atlantiki, TAT-8, ulianza kazi ukiwa na uwezo wa kubeba simu 40,000 kwa wakati mmoja. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, kilichoko Uswisi, kiliitoa bure teknolojia ya Wavuti (World Wide Web) kwa yeyote anayetaka kuitumia. Vitu hivi vyote kwa pamoja vilimwezesha meneja kukaa nchi moja na kuendesha karakana zilizo katika nchi nyingine 5.

Matokeo yake utayaona ukiifungua simu. Mwaka 2010 watafiti Yuqing Xing na Neal Detert walichambua gharama za iPhone 3G. Kuitengeneza kuligharimu dola 178.96. Ndani yake mlikuwa na vipuri vya Toshiba ya Japani, Samsung ya Korea Kusini, Infineon ya Ujerumani na Broadcom ya Marekani. Kazi ya kuviunganisha, iliyofanyika China, ilichukua dola 6.50 tu. Lakini simu ilipovuka mpaka kuingia Marekani, forodha iliandika kiasi chote, dola 178.96, kuwa ni mauzo ya China. Yaani kila wanasiasa walipogombana juu ya pengo la biashara kati ya nchi hizo mbili, sehemu ya pesa waliyoigombania ilikuwa ya Japani, Ujerumani, Korea na Marekani yenyewe.

Nakusihi usiishie hapo, maana wengi huunukuu mfano huu kuonyesha kwamba muunganishaji hapati kitu. Xing alirudi kuchambua iPhone X, akakuta kwamba makampuni ya China yalikuwa yanachangia takribani robo ya gharama ya kuitengeneza. Katika ile miaka ya kulipwa vijidola, waliokuwa wakiunganisha walijifunza kutengeneza vipuri, kisha wakaanza kuviuza. Kwangu mimi hilo ndilo funzo zito kuliko zile dola 6.50: mgawanyo wa leo unategemea nani anajifunza nini akiwa kazini. Na kujifunza hakuji kwa kushika kazi peke yake. Zipo nchi zilizounganisha bidhaa za wengine kwa miongo kadhaa na mpaka leo zinaagiza kila skrubu.

Nikirudi kwenye huduma, naona hapa ndipo mabadiliko makubwa zaidi yalipo, na ndipo yanapoonekana kidogo zaidi kwa kuwa hakuna winchi inayoyanyanyua bandarini. Mwaka 1985 kampuni ya Texas Instruments ilifungua kituo cha kazi Bangalore, India, na michoro ya wahandisi ikawa inakwenda Marekani kwa setilaiti. Miaka ya mwisho ya 1990 hofu ya kompyuta kuchanganya tarehe ifikapo mwaka 2000 iliyafanya makampuni ya Magharibi kutafuta waandishi wa programu kwa maelfu, na India ilikuwa nao, wakijua Kiingereza na wakianza kazi saa ambazo Marekani imelala. Ufilipino nayo ikajijengea jina katika vituo vya kupokea simu za wateja na kazi za ofisini zinazofanywa kwa niaba ya makampuni ya nje, sekta inayoajiri zaidi ya watu milioni 1.

Zamani, aliyetaka kuuza nguvu au akili yake nchi tajiri alilazimika kuhama. Sasa kazi ndiyo inayovuka mpaka, mfanyakazi anabaki kwao. Na kwa miaka mingi kazi hiyo haikutozwa ushuru wa forodha ilipovuka: mwaka 1998 wanachama wa WTO walikubaliana kutotoza ushuru vitu vinavyopelekwa kwa njia ya kielektroniki, na mara nyingi baada ya hapo waliurefusha muda wa makubaliano hayo, huku India na Afrika Kusini zikilalamika kwamba yanazinyima mapato. Unaona, basi, kwamba vita vya ushuru unavyovisikia kwenye habari vinapiganwa juu ya chuma, magari na nguo. Sehemu inayokua haraka zaidi haipitii kwa afisa wa forodha hata kidogo.

Sasa hizo roboti. Hoja inasema kwamba mashine ikifanya kazi ya mikono, mshahara mdogo wa nchi maskini hauna tena maana, hivyo kiwanda kitarudi karibu na mteja. Adidas ilijaribu. Ilijenga viwanda viwili vya kutengeneza viatu kwa mitambo inayojiendesha, kimoja Ansbach, Ujerumani, na kingine karibu na Atlanta, Marekani. Novemba 2019 ikatangaza kuvifunga vyote viwili, na teknolojia yake ikapelekwa kwa watengenezaji wake wa Asia. Kule ndiko waliko wauza soli, gundi, vitambaa na kamba, na ndiko waliko mafundi wanaojua kubadilisha mtindo wa kiatu haraka. Roboti ilikwenda ulikokuwa ujuzi.

Sisemi hoja hiyo haina ukweli. Mitambo inapunguza kweli uzito wa mshahara mdogo, na anayeumia zaidi ni yule ambaye bado hajajenga viwanda. Mchumi Dani Rodrik wa Chuo Kikuu cha Harvard ameonyesha kwamba nchi nyingi zinazoendelea zinaanza kupoteza ajira za viwandani zikiwa bado na kipato cha chini mno kuliko kile ambacho Ulaya ilikuwa nacho ilipofika hatua hiyo. Ngazi ile ya kuanzia nguo, ukaenda redio, ukafika magari, ambayo Korea Kusini iliipanda, sasa imepungua vidato vya chini. Kama tasnifu yako itakuwa na jambo moja la kuumiza kichwa, naomba liwe hilo.

Jambo jingine ambalo vitabu hulipita haraka ni makaratasi. Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, ilipofuatilia shehena ya bidhaa za baridi kutoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya, ilikuta inapita kwa karibu watu na taasisi 30, wakiwasiliana zaidi ya mara 200. Ikaungana na kampuni ya kompyuta ya IBM, wakaunda mfumo wa TradeLens, ulioanza 2018, ili kila mhusika asome taarifa zilezile mahali pamoja. Kiufundi ulifanya kazi. Lakini Novemba 2022 walitangaza kuufunga, kwa sababu washiriki wa kutosha hawakupatikana. Washindani hawakuwa na hamu ya kuweka taarifa zao kwenye mfumo ulioanzishwa na mpinzani wao. Linganisha na Singapore, ambako serikali ilianzisha TradeNet mwaka 1989 na kuzileta idara zake zote kwenye dirisha moja, hata kibali kilichokuwa kinachukua siku kadhaa kikawa kinatoka kwa dakika. Teknolojia ya 1989 ilikuwa duni sana ikilinganishwa na ya 2018. Tofauti ilikuwa ni nani mwenye mamlaka ya kuwakutanisha watu na kuaminiwa nao. Hata sheria ilichelewa: Uingereza, ambayo sheria zake ndizo zinazotawala mikataba mingi ya meli duniani, ilisubiri hadi 2023 kuipa hati ya shehena ya kielektroniki nguvu sawa na ile ya karatasi.

Naja sasa kwenye swali la nani anabaki na faida. Kuratibu kukiwa rahisi, kazi hutawanyika, lakini uratibu wenyewe hujikusanya mikononi mwa wachache. Mashine za kuchapa chipu (ubongo wa simu na kompyuta) za kisasa kabisa, zinazotumia mwanga wa urujuanimno uliokithiri, zinatengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Chipu nyingi za daraja hilo zinatoka kwa kampuni moja ya Taiwan, TSMC, iliyoanzishwa na Morris Chang mwaka 1987. Zaidi ya asilimia 95 ya data inayovuka bahari inapita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya maji, na mwezi Machi 2024 nyaya 4 zilipokatika karibu na pwani ya Côte d'Ivoire, nchi kadhaa za Afrika Magharibi zilipoteza intaneti au zikabaki na ya kukokota. Penye njia moja, mwenye njia hiyo ana uwezo wa kuifunga. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, benki 7 za Urusi ziliondolewa SWIFT. Oktoba 2022 Marekani ikazuia China kupata chipu za hali ya juu na mashine za kuzitengeneza. Mitandao ileile iliyojengwa kwa ajili ya biashara imekuwa silaha ya serikali zenye kuishika.

Hata bila vita, kujikusanya huko kuna hatari yake. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha kompyuta kiitwacho NotPetya kilianzia kwenye programu ya kodi inayotumika Ukraine, kikasambaa hadi Maersk, kampuni ambayo wakati ule ilikuwa inabeba karibu sehemu moja ya tano ya shehena ya makontena duniani. Kompyuta zilizima moja baada ya nyingine. Malori yakapanga foleni kwenye milango ya bandari zake kwa kuwa hakuna aliyejua kontena lipi ni la nani. Mwenyekiti wake alisema baadaye kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10, na hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300. Kilichowaokoa ni seva moja katika ofisi ya Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kirusi kilipopita, kwa hiyo ikasalimika ikiwa na nakala ya kumbukumbu zinazoelezea mtandao mzima. Intaneti ya pale ilikuwa ya polepole mno kuzituma Uingereza, na mfanyakazi wa Ghana aliyetakiwa kuzipeleka hakuwa na viza. Akapanda ndege hadi Nigeria, akakutana uwanjani na mwenzake aliyekuwa na viza, akamkabidhi diski mkononi. Tukio hili ningelifundisha darasani kabla ya nadharia yoyote: kampuni kubwa ya usafirishaji duniani, na bado mpaka wa watu na udogo wa intaneti vikaamua mambo.

Na hapo ndipo penye jibu la swali lako la mwisho. Kwa makadirio yaliyotolewa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) mwaka 2024, asilimia 68 ya watu duniani walikuwa wakitumia intaneti, lakini katika nchi za kipato cha chini ilikuwa asilimia 27 tu. Hata aliyeunganishwa hapati kila kitu kwa bei ya intaneti. Kutuma ujumbe nje ya nchi ni karibu bure, ila mhamiaji anayetuma nyumbani dola 200 bado anakatwa kwa wastani zaidi ya asilimia 6, ingawa dunia ilijiwekea lengo la kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Tarakimu zinasafiri kwa sekunde. Gharama iko kwenye vibali, ukaguzi wa fedha haramu na uhaba wa ushindani, na kwa maoni yangu kuwakata wafanyakazi wa mshahara mdogo namna hiyo katika zama hizi ni dhuluma. Kodi nayo ina hadithi yake: kampuni ya mtandaoni inaweza kuuza kwa mamilioni ya wateja wa nchi ambako haina hata meza moja ya ofisi, na sheria za kodi zilitungwa zikimfuata mwenye ofisi. Makubaliano ya Oktoba 2021, ambapo zaidi ya nchi 130 ziliafiki kiwango cha chini cha asilimia 15 kwa makampuni makubwa, yanagusa sehemu tu ya tatizo hilo.

Kuhusu akili mnemba (AI), nitakuambia ninachoogopa waziwazi. Kazi zilizozipa nchi zinazoendelea nafasi katika biashara ya huduma, kama kujibu simu za wateja, kuingiza data na kuandika programu za kawaida, ndizo zinazoguswa mwanzo. Wakati huohuo mashine hizo zinampa mhasibu au mchoraji wa nchi yoyote uwezo wa kufanya kazi kwa lugha asiyoimudu vizuri. Upande upi utazidi mwingine utategemea kama watu wanaofanya kazi hizo leo wanapewa nafasi ya kupanda kwenda kazi ngumu zaidi, kama walivyopanda wale waunganishaji wa simu.

Sasa tasnifu. Usiandike juu ya "athari za teknolojia ya habari kwa utandawazi", maana utazama. Chagua sekta moja, kwa mfano vipuri vya umeme au huduma za uhasibu, na nchi mbili zilizoingia sekta hiyo karibu wakati mmoja zikafika mahali tofauti. Usitegemee takwimu za forodha peke yake. Umeshaona zilivyopotosha kwenye simu. Tumia hifadhidata ya thamani iliyoongezwa katika biashara, TiVA, inayoonyesha kila nchi imechangia kiasi gani katika bidhaa, ambayo OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea) na WTO walianza kuichapisha mwaka 2013 na inapatikana bure. Ina upungufu wake: takwimu zake huchelewa miaka kadhaa, na nchi nyingi za kipato cha chini hazimo. Kama nchi yako haimo, nenda kwenye jedwali la huduma katika urari wa malipo, yaani hesabu ya fedha zinazoingia na kutoka nchini, ukifuatilia huduma za kompyuta na huduma nyingine za biashara mwaka hadi mwaka. Kisha tafuta nani anamiliki mfumo ambao kazi hizo zinapitia, anatoza kiasi gani, na kama wafanyakazi wa miaka 10 iliyopita bado wanafanya kazi ileile.